SHANGA ZINAZONASA SHABA



Maji yanayotoka mgodini yanaweza kuonekana maangavu kama ya kisima, kumbe yana shaba iliyoyeyuka ndani. Kuyachemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi madini; maji yakipungua sufuriani, shaba inabaki na kuzidi kukolea. Basi, inanaswaje? Njia moja ni shanga za aljinati. Tujifunze.

ALJINATI NI NINI?
Hutolewa katika mwani wa kahawia wa baharini. Mwingereza E. C. C. Stanford, mtaalamu wa kemia, aliitambulisha mwaka 1881. Unga wa aljinati ya sodiumu huyeyuka majini na kuwa mzito kama uji mwepesi. Ukikutana na kalsiumu, nyuzi zake hushikana kama wavu, nao uji unaganda.

NAMNA YA KUTENGENEZA SHANGA
1. Pima gramu 2 za unga kwa mililita 100 za maji safi. Nyunyiza kidogo kidogo huku ukikoroga, usifanye madonge. Acha povu litulie.
2. Katika chombo cha pili, yeyusha gramu 2 za kloruri ya kalsiumu kwa mililita 100 za maji.
3. Vuta uji kwa bomba la sindano, uudondoshe tone moja moja katika chombo cha pili. Kila tone linakuwa shanga ya milimita 2 hadi 4 hivi.
4. Ngoja dakika 30, chuja, kisha osha kwa maji safi.

Ukitaka shanga ishike viumbe hai, kama chachu, vichanganye na uji kabla ya kudondosha. Sukari itapita katika matundu ya wavu na kuwalisha, lakini chachu yenyewe haitoki. Hivyo shanga zile zile hutumika tena.

SHABA INANASWAJE?
Aljinati hushika shaba kwa nguvu kuliko kalsiumu. Shanga zikiwekwa katika maji yenye shaba, kalsiumu hutoka na shaba inakaa mahali pake. Shanga zinageuka rangi ya buluu. Lakini kila shanga ina kipimo chake. Ikijaa, hainasi tena. Ukiiosha kwa asidi nyepesi, shaba inatoka. Maana yake shaba haikupotea, imehama tu. Asidi ile nayo isimwagwe ovyo.

TUJIHADHARI
– Vaa miwani na glovu. Kloruri ya kalsiumu hupasha maji moto inapoyeyuka, tena huwasha macho na vidonda. Itie majini kidogo kidogo.
– Shanga za buluu zafanana na peremende. Ziwekwe katika chombo chenye kifuniko na maandishi, wala zisipelekwe nyumbani.
– Mtu asijaribu kusafisha maji ya kunywa kwa shanga hizi. Maji ya mgodi yana madini ya namna nyingi, pengine na asidi, nazo shanga hazinasi yote. Jicho halipimi madini, wala ulimi. Maabara ndiyo inayopima.

Mama, mtoto akirudi na ndoo kichwani, usianze kwa kuwasha moto. Anza kwa kumwuliza: «Mwanangu, maji haya umeyachota wapi?» Kama ni kwenye mfereji wa mgodi au wa kiwanda, yamwagwe, hata yakiwa maangavu namna gani.