Dondoo muhimu: Chokaa ya kukarabatia kuta za kale

Kuta za matumbawe kama za Msikiti wa Kongo, Diani, hudumu zikiweza kupumua. Fundi azingatie haya:

1. Usizibe maungio kwa simiti: hufungia unyevu ndani, nayo chumvi hulimega jiwe.
2. Chokaa ya maungio iwe laini kuliko jiwe, yenye vitundu vya kupitisha unyevu.
3. Usichukue mchanga wa ufuoni. Tumia mchanga mkali wa chembe mchanganyiko, uliooshwa kwa maji baridi.
4. Unapozima chokaa, itie polepole ndani ya maji mengi. Usiimwagie maji, na uvae miwani na glavu.
5. Iache chokaa iliyozimwa ikae majini wiki kadhaa kabla ya kuitumia.
6. Anza na kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, ujaribu kwanza pembeni.
7. Usiongeze maji ili mchanganyiko ulainike. Ukikauka utapasuka na kuwa dhaifu.
8. Kwangua maungio mabovu kwa kina mara 2 ya upana wake, kisha lowesha jiwe.
9. Mashimo makubwa yatomee kwa vipande vya matumbawe, si kwa chokaa tupu.
10. Funika kwa magunia mabichi, yasiguse chokaa, kwa wiki moja au zaidi. Jua na upepo wa kaskazi huikausha upesi mno.
11. Jengo likiwa mnara wa taifa, pata kwanza idhini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya.