Jua Haki Zako: Bima ya Ploti ya Kupangisha Karibu na Mto

Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliwafundisha wenye nyumba wengi wa Kenya kwamba maji yakishaingia, kodi hukatika siku hiyo hiyo lakini mkopo wa benki hauna likizo. Ikiwa una vyumba vya kupangisha bondeni au kando ya mto, bima unaihitaji kuliko mtu wa mlimani, nawe ndiwe utakayeipata kwa shida zaidi.

Madai mengi ya fidia hufia kwenye fomu ya maombi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli mtupu: lolote linaloweza kuishtua kampuni, litaje hata kama hujaulizwa. Taja kwamba nyumba ni ya kupangisha. Bima ya kawaida ya nyumba imekusudiwa mtu anayeishi humo mwenyewe, na ukidanganya kwamba wewe ndiye mkaazi ili ada ipungue, kampuni itakuwa na sababu ya kukunyima fidia. Taja mto uko umbali gani, maji yaliwahi kufika wapi, na kama chini kuna duka la gesi. Ajenti akikuambia utie sahihi yeye atajaza baadaye, kataa. Sahihi ni yako na atakayeulizwa ni wewe.

Hakuna sheria inayoilazimisha kampuni kukukubali. Inaweza kukataa, kupandisha ada, au kutaka ubebe mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara. Usife moyo kwa jibu la kampuni moja. Dalali wa bima anaweza kukupelekea ombi kwa kampuni kadhaa. Haki uliyo nayo ni ya kuelezwa: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayoinunua. Kwa hiyo omba maandishi kamili ya mkataba kabla ya kulipa.

Ukiyapata, tafuta neno mafuriko. Bima ya moto haibebi mafuriko kila mara. Mara nyingi huongezwa kama hatari ya ziada, kwa ada yake. Uliza pia kuhusu kodi utakayopoteza nyumba ikitengenezwa, na nyumba ikikaa tupu. Mikataba mingi hupunguza au huondoa kinga nyumba isipokaliwa kwa muda, mara nyingi siku 30. Vitu vya wapangaji havimo, na ni vyema uwaambie mapema.

Kiasi cha bima nacho kina mtego. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kujenga upya. Bei ya kiwanja haihusiki. Tuseme kujenga upya ni shilingi milioni 8 nawe ukaandika milioni 4 ili kuokoa ada. Maji yakiharibu kazi ya milioni 2, kampuni itasema ulijikatia nusu, ikulipe milioni 1. Hilo ni halali kabisa likiwa limeandikwa kwenye mkataba, na huwa limeandikwa.

Kuna jambo ambalo bima haiwezi kulitibu. Mwaka 2024 serikali iliwaamuru watu waliokuwa ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi wahame, na majengo yakabomolewa. Ubomoaji kwa amri ya serikali kwa kawaida umo kwenye orodha ya yasiyofidiwa. Ikiwa unanunua sasa, thibitisha mpaka wa hifadhi ya mto na kibali cha ujenzi kutoka kaunti kabla ya kutoa hata arubuni.

Lipa ada kwa akaunti ya kampuni, kamwe si kwa simu ya ajenti, kwa kuwa sheria inataka ada iifikie kampuni kabla bima haijaanza kufanya kazi. Hasara ikitokea, piga picha alama ya maji ukutani kabla ya kuosha, ripoti kwa maandishi, na hifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaipa kampuni siku 90 za kulipa dai halali tangu liliporipotiwa. Wakikuzungusha, dai jibu la maandishi lenye sababu, kisha lipeleke lalamiko lako kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Wanaopoteza haki zao hapa ni wale wanaoridhika na ahadi za simu, kwa hiyo andika.