Kabla ya Kutia Sahihi

Mtu anayeuza shamba husoma hati mara mbili, tena huita mashahidi. Lakini waraka wa maombi ukipitishwa sokoni au mwaloni, wengi hutia sahihi upesi upesi kwa sababu tu jirani amekwisha kutia yake. Yafaa leo tujifunze jambo hili pamoja, maana jina la mtu ni mali yake.

Kwanza, tujue waraka una nguvu gani. Katika Kenya, kifungu cha 257 cha Katiba ya mwaka 2010 huwaruhusu raia kuanzisha badiliko la Katiba, wakipata sahihi za wapiga kura wasiopungua 1,000,000. Tume ya uchaguzi huzihakikisha, kisha muswada hupelekwa katika mabaraza ya kaunti 47 na Bungeni; mambo yaliyo makubwa zaidi huamuliwa kwa kura ya maoni. Mwaka 2019 waraka ulioitwa Punguza Mizigo ulipata sahihi za kutosha, lakini mabaraza mengi yaliukataa. Hapa Tanzania hatuna utaratibu huo. Kwetu waraka wa maombi hufikisha shauri mbele ya wenye mamlaka, wala hauwalazimishi. Hata hivyo si kitu cha bure. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York, akawatetea mbele ya Umoja wa Mataifa Wameru waliokuwa wameondolewa katika ardhi yao. Ardhi haikurudishwa papo hapo, lakini malalamiko ya wanyonge yalisikika mbali.

Pili, tujue maneno yote yaliyoandikwa. Kila mtoto wa shule amesikia habari za Mangungo wa Msovero, katika Usagara, ambaye mwezi wa Novemba 1884 alitia alama yake katika mkataba wa Karl Peters bila kuelewa yaliyomo. Miezi michache baadaye, Februari 1885, dola ya Ujerumani iliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Basi asiyejua kusoma aombe kusomewe waraka wote na mtu anayemwamini. Na karatasi yenye nafasi za sahihi tu, bila maombi yaliyoandikwa juu yake, isiguswe kabisa.

Tatu, tuulize ni nani aliyeuanzisha. Mpango wa BBI wa Kenya ulipata sahihi zaidi ya 1,140,000 zilizohakikishwa mwaka 2021. Lakini tarehe 31 Machi, 2022, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha badiliko kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Wingi wa sahihi haukuponya kasoro ya mwanzo.

Nne, tupime nani atafaidika na nani ataumia. Tutwae mfano wa Kigoma. Tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, ili samaki wapate kuzaliana. Tuseme karatasi inaletwa Kibirizi au Katonga, ikiomba Ziwa lisifungwe tena kamwe. Mama auzaye dagaa Ujiji ana haki ya kuuliza: kwa miezi mitatu watoto watakula nini, na ada italipwa na nani? Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini lipo na la pili: dagaa na migebuka wakivuliwa kabla ya kukua, mtoto wa mvuvi atarithi nini ila mtumbwi mtupu? Tena Ziwa hilo ni la Burundi, Kongo na Zambia pia.

Kwa maoni yetu, karatasi inayotaka Ziwa liachwe wazi, isiseme samaki wataokolewaje, haistahili sahihi. Lakini ingekuja nyingine, ikiomba wavuvi na wachuuzi wasaidiwe wakati wa kufungwa, wapewe habari mapema, na washirikishwe katika kupanga tarehe, hiyo tungeitia sahihi kwa moyo mweupe. Hatulazimiki kuchagua ndiyo au siyo juu ya karatasi tuliyoletewa; twaweza kuandika iliyo bora.

Mwisho, jambo hili lizungumzwe nyumbani. Baba asimtilie mkewe sahihi, wala kijana asiandike jina la babu yake aliye kitandani. Kufanya hivyo ni kushuhudia uongo, hata kama shauri lenyewe ni la haki. Wala asiwepo wa kuuza jina lake kwa fulana au kwa nauli.

Mwenye karatasi akisema hana nafasi ya kungoja, mwambieni arudi kesho. Shauri la haki litakuwa lingali la haki kesho. Mkiisha kulisoma na kuliona jema, tieni sahihi bila hofu. Mkiliona baya, mrudishieni kalamu yake kwa adabu.