Dondoo Muhimu: Kukusanya Mashine Kongwe za Kunyolea za Kifaransa

Mashine kongwe za Kifaransa, kama za Gibbs na Leresche, ambazo kichwa chake hubana wembe mwembamba wa makali mawili, hudumu miaka mingi, ila unyevu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Muhuta hadi Rumonge, huziharibu upesi zisipotunzwa.

1. Mnunuzi asome maandishi kabla ya kutaja bei: "Breveté S.G.D.G.", yaani hataza isiyo na dhamana ya serikali, ilitokana na sheria ya Ufaransa ya 1844 na ikakoma 1968, hivyo huonyesha kwamba muundo ulisajiliwa kabla ya hapo.

2. "Déposé" humaanisha tu kwamba alama imesajiliwa. Asidanganyike kuwa ni ushahidi wa umri.

3. Afungue na kufunga skrubu ya kishikio, kisha aweke wembe mpya na kuhakikisha kwamba umejitokeza sawasawa pande zote mbili, kwa kuwa kichwa kilichopinda hukata ngozi.

4. Asichemshe kishikio cha bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, kwani hupoteza rangi na mng'ao.

5. Asiloweke chuma katika siki au ndimu, kosa linalorudiwa mno, maana asidi hula nikeli, yaani utando mwembamba unaozuia kutu. Maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini vinatosha.

6. Baada ya kukausha, apake tone la mafuta ya cherehani, kamwe si mawese, ambayo huganda na kunata.

7. Nyembe kuukuu zitiwe katika kopo lililofungwa, mbali na watoto.