Chukudu na Baiskeli Gizani: Namna ya Kujiandaa na Kupita Barabara ya Bweremana

Mwongozo huu ni wa mwendesha chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) au baiskeli anayetumia Barabara ya Taifa namba 2, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kipande cha Sake hadi Minova kinachopita Bweremana. Hapa jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na giza hukamilika ndani ya nusu saa hivi. Anza maandalizi saa 10 jioni, kwa kuwa ukaguzi wa breki hauwezekani gizani. Ikiwa kuna amri ya kutotembea usiku, usitoke kabisa.

1. Kusanya vifaa: tochi 2, moja ya mwanga mweupe na moja ya mwanga mwekundu, kamba 4 zilizokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, kitambaa kikavu 1, kiakisi chekundu sm 40 na cheupe sm 80. Kiakisi ni utepe unaorudisha mwanga kule kule ulikotoka, kama ule unaobandikwa nyuma ya malori. CD kuukuu na karatasi ya kung'aa si kiakisi: hutupa mwanga pembeni, dereva asiuone.

2. Kagua breki kabla ya kupakia, kisha rudia baada ya kupakia. Kwenye chukudu, breki ni kipande cha tairi unachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Shuka mteremko mdogo kwa mwendo wa kutembea, kisha funga breki. Ukipita mita 3 bila kusimama, punguza gunia moja na ujaribu tena. Usiendelee na hatua ya 3 kabla breki haijafaulu.

3. Funga kiakisi chekundu nyuma, vipande 2 vya sm 20, kimoja kwenye ncha ya kushoto ya mzigo na kingine kwenye ncha ya kulia. Visiwe katikati. Dereva anahitaji kujua upana wako, na magunia ya makaa hutokeza kuliko mtu anavyodhani. Funga tochi nyekundu kati ya vipande hivyo.

4. Funga kiakisi cheupe: sm 20 mbele kwenye usukani, sm 30 kwenye kila kifundo cha mguu. Mguu unaosukuma au kukanyaga pedali husogea, na msogeo huo humwambia dereva kwamba mbele yake kuna mtu, si jiwe. Funga tochi nyeupe kwenye usukani, mwanga uangukie mita 10 mbele.

5. Pima unavyoonekana giza likishaingia. Mwachie mwenzako chombo, rudi nyuma mita 75 (hatua 100 za mtu mzima), shika tochi kando ya jicho, si kiunoni, umulike. Lazima uone vipande vyote 2 vyekundu. Ukiona kimoja, rudi hatua ya 3. Kipimo hiki kisirukwe kwa sababu yoyote: lori la kilomita 60 kwa saa hupita mita 33 katika sekunde 2, na mtu asiye na kiakisi huonekana dereva akiwa ameshachelewa.

6. Endesha upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, hata mnapozungumza. Unaposhuka na kusukuma chombo ukitembea, baki kulia vilevile.

7. Tazama ukingo wa kulia taa za gari zinapokuja usoni. Usizitazame taa. Magari 2 yakikaribia kupishana ulipo, toka barabarani na usimame mpaka yapite.

8. Futa viakisi na tochi kila baada ya nusu saa, na mara tu baada ya tope. Vumbi la njia hii huvifunika upesi.

9. Toa chombo chote nje ya barabara unapopumzika, tochi nyekundu ikiendelea kuwaka. Ukizuia gurudumu kwa mawe, yahesabu ukiyaweka, na uyaondoe yote kabla ya kuondoka. Anayefuata kwa pikipiki hatayaona.