Tungamo la Kisichoonekana: Mfano wa Cygnus X-1

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Wanaastronomia wanaopima vitu visivyoonekana angani hutegemea hekima iyo hiyo. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Miongoni mwa vyanzo vya eksirei ilivyovichunguza ni Cygnus X-1. Mahali hapo pana nyota kubwa ya buluu, HDE 226868. Inapotusogelea, mwanga wake huelekea rangi ya buluu. Inapotuacha, huelekea nyekundu. Mzunguko huo hukamilika kwa siku 5.6. Ni dhahiri kwamba ina mwenzi asiyeonekana anayeivuta. Gesi anayoipora kutoka kwayo hupata joto kali na kutoa eksirei.

Je, tungamo la mwenzi huyo hupimwaje? Ifahamike kwamba tungamo si uzito. Uzito wa kitu hubadilika kulingana na mvutano wa mahali kilipo, ilhali tungamo, yaani kiasi cha maada yake, halibadiliki. Kasi ya nyota ile, takriban kilomita 75 kwa sekunde, pamoja na muda wa mzunguko, hutoa kima cha chini tu: takriban robo ya tungamo la Jua. Ili kupata tungamo kamili, sharti yajulikane mambo mawili zaidi: pembe tunayoutazamia mzunguko, na tungamo la nyota inayoonekana. Hili la pili hukadiriwa kutokana na mng'ao wake halisi, nao haujulikani pasipo kujua umbali.

Hapo ndipo penye utata. Mnamo 2011 tungamo la mwenzi huyo lilikadiriwa kuwa takriban mara 15 ya lile la Jua. Mnamo 2021, vipimo vipya vya redio viliongeza umbali kutoka takriban miaka ya nuru 6,100 hadi 7,200, na tungamo likapanda hadi mara 21. Nyota zenyewe hazikuwa zimebadilika. Kilichorekebishwa ni umbali. Hata hivyo, hukumu ya msingi haikutenguka. Nyota ya nyutroni haitarajiwi kuzidi takriban mara 3 ya Jua, hivyo mwenzi huyo ni shimo jeusi.

Funzo kwa mtafiti, awe wa nyota au wa lugha, ni kwamba hitimisho halizidi uimara wa kipimo kilichotangulia.