Daftari la Karani: Namna ya Kuyapata Mahitaji ya Mfumo

Kama unasoma kompyuta hapa Dubai, iwe Academic City au Knowledge Park, siku moja utaambiwa utafute ofisi ya kweli uitengenezee mfumo. Wengi wetu hukimbilia kuandika programu. Usiku huo huo mtu ameshafungua kompyuta yake, anachagua rangi za ukurasa wa kwanza! Leo tuzungumzie kazi inayotangulia: kuyakusanya mahitaji, kuyachora na kuyaandika. Darasani hupewa wiki mbili tu, na ndipo miradi mingi inapofia. Wangu nusura ufie hapo.

Mimi na mwenzangu tulipata ofisi ya kargo kule Deira, zile za Waswahili, zinazopokea bidhaa za wafanyabiashara wa Dar, Zanzibar na Mombasa na kuzichanganya kwenye kontena moja. Mzigo wa meli hulipiwa kwa CBM, yaani mita za ujazo. Wa ndege hulipiwa kwa kilo. Tulikwenda na karatasi ya maswali 20. Tajiri akatupokea vizuri, chai ya maziwa ikaletwa, tukamwuliza, "Mzee, unataka mfumo ufanye nini?" Akajibu, "Nataka nikibonyeza hapa nione mzigo wa mtu uko kontena gani. Basi." Tukaandika, tukaondoka na furaha zetu.

Baada ya wiki sita tukarudi na mfumo unaobonyezeka. Karani, mtu mzima wa Tanga, akatazama kimya, kisha akauliza, "Sasa wanangu, mzigo uliobaki nusu nauingiza wapi?"

Tukatazamana. Akafungua daftari lake. Mteja ameleta marobota 10, kontena limejaa, yamepanda 7, matatu yanasubiri safari ijayo. Pembeni, kwa wino mwekundu: "bk 3". Yaani baki tatu. Karibu kila ukurasa ulikuwa na wino huo. Na sisi kwenye kanzidata tulikuwa tumeshaamua kwamba mzigo mmoja unakaa kontena moja! Haikuwa kosa la kurekebisha kwa jioni moja, maana risiti, malipo na ripoti zote zilijengwa juu ya dhana hiyo.

Tajiri hakutudanganya. Habari za mabaki yeye humfikia mteja anapopiga simu kulalamika. Kazi ya kila siku ni ya karani, na karani hatukumhoji kwa sababu hakuwa mkubwa. Ukimhoji mtu ofisini, atakueleza kazi inavyotakiwa iwe. Ukikaa naye akiifanya, utaiona ilivyo. Kwa hiyo omba daftari, omba risiti za zamani, na badala ya "unataka nini?" uliza "mara ya mwisho ilikuwaje?" na "ikishindikana unafanyaje?" Hilo swali la pili ndilo lenye mali.

Jambo hili liliwapata wakubwa pia. M-Pesa, ambayo leo kila mtu anaisifu, haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Majaribio yake yalianza Kenya Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na Faulu Kenya, na lengo lilikuwa mteja wa mikopo midogo apokee na kulipa mkopo wake kwa simu. Wahusika, akina Nick Hughes na Susie Lonie, wakawatazama wateja wachache wa Nairobi na Thika. Wakakuta watu wanalipiana mikopo. Wengine wanaweka pesa kwa wakala kabla ya safari, wanazitoa wakifika, ili wasitembee na noti mfukoni. Hakuna aliyekuwa ameyaandika hayo kwenye karatasi ya mahitaji. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mkopo uliwekwa kando, na tangazo likasema mambo ya kutuma pesa nyumbani. Wangeng'ang'ania karatasi yao ya kwanza, sijui leo tungekuwa tunazungumza nini.

Tuje kwenye kuchora. Vitabu vitakupa UML, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya pamoja mwaka 1997, pamoja na visa vya matumizi vya Msweden Ivar Jacobson. Jifunze, utaulizwa kwenye mtihani. Lakini karani hasomi UML. Sisi tulichora visanduku vinne tu, Mteja, Mzigo, Kipande na Kontena, halafu tukamsomea mistari kwa Kiswahili: "Mteja mmoja anaweza kuwa na mizigo mingi. Mzigo mmoja una vipande vingi. Kila kipande kinapanda kontena moja. Kila mzigo una mwenyewe mmoja." Hiyo ya mwisho akaikataa hapo hapo: kuna wanaochangia mzigo, wawili au watatu, na kila mmoja anataka risiti yake. Mchoro usiosomeka kwa sauti mbele ya mwenye kazi ni pambo la ripoti, kwa maoni yangu.

Kuandika nako kuna mitego. "Mfumo uwe wa haraka na rahisi" si hitaji, ni dua. Andika kitu kinachopimika: "Karani akiingiza namba ya risiti, aone kila kipande kiko wapi ndani ya sekunde 3." Kila hitaji lipe namba, jina la aliyelisema, na sababu yake. Kama mhadhiri wako bado anataja IEEE 830 ya 1998, jua kwamba tangu 2011 nafasi yake imechukuliwa na ISO/IEC/IEEE 29148. Mfuate kwa ajili ya alama, lakini ujue. Halafu kuna saa zetu. Karani alisema kontena linafungwa saa kumi. Mwenzangu, aliyekulia hapa, akaandika 10:00. Ni saa kumi jioni, jamani! Andika 16:00.

Ile sababu usiidharau, maana mahitaji hubadilika. Aliyeandika mfumo hapa akijua mapumziko ni Alhamisi na Ijumaa aliubadilisha Septemba 2006, mapumziko yalipohamia Ijumaa na Jumamosi, na tena Januari 2022 serikali ilipohamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa nusu siku. Sharjah wao wakachukua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Katikati, Januari 2018, ikaja kodi ya VAT ya asilimia 5. Kama umeandika kwa nini siku fulani haihesabiwi, utajua pa kugusa.

Mwisho tulichapa kurasa 9. Tajiri akatia sahihi bila kusoma. Karani akaomba akae nazo siku mbili, akazirudisha na masahihisho 11, yote kwa wino mwekundu. Manne yalikuwa ya mabaki.